Kuku wa bibi, kamba ya mguuni na mdondo wa Chiwanda

Wadau, nilikuwa likizo. Wiki tatu nzima sijaandika kitu humu, na wengine wenu mmeniuliza kama mhariri wangu amenifungia kalamu kabatini. La hasha. Nilikuwa Chiwanda kwa bibi, kule chini kabisa kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ukishapita Mbamba Bay unaelekea mpaka wa Msumbiji. Nimerudi na habari ambayo nimeikalia siku nne nikijiuliza niiandike au niiache. Nimewaua kuku wa bibi. Si kwa kisu, na si kwa kitoweo.

Nitafika huko. Lakini ninyi mnanijua, siwezi kusimulia jambo bila kurudi nyuma kwanza.

Ukitafuta historia ya mwambao wetu utapewa meli. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ilitoka upande wa Nyasaland ikaja kuivamia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli (wakati huo pakiitwa Sphinxhafen). Nahodha wa Kijerumani alikuwa hata hajapata habari kwamba vita imeanza. Kisa kizuri, kinachekesha, na kila mgeni anayepita Liuli husimuliwa. Sawa. Ila mimi nimekulia katika nyumba ambayo hakuna meli iliyowahi kutulipia kitu. Aliyelipa alikuwa kuku.

Nilipoingia kidato cha kwanza, ada ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, kabla haijafutwa mwaka 2016. Hela ndogo hiyo, wengi mtasema. Lakini juu yake kulikuwa na michango, sare, viatu, madaftari, na bibi hakuwa na mshahara. Alikuwa na shamba la mihogo, usipa wa kuanika msimu wake ukifika, na kuku. Shule ikikaribia kufunguliwa, majogoo mawili matatu yanafungwa miguu, yanatiwa kwenye tenga, yanaondoka. Mimi narudi na viatu. Kwa hiyo ninapowaona watu wanaandika kwamba kuku wa kienyeji ni "mradi wa akina mama wa kujikimu" huwa nacheka kwa uchungu. Digrii yangu imetagwa, jamani.

Huyu kuku mwenyewe si mwenyeji wa hapa, ingawa tunamwita wa kienyeji. Asili yake ni ndege wa msituni wa Asia ya Kusini-Mashariki. Watafiti waliotoa matokeo yao mwaka 2022 wanasema mifupa ya zamani zaidi ya kuku wa kufugwa wanayoikubali imetoka Ban Non Wat, Thailand, kati ya miaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo, na wanadhani mpunga ndio uliomvuta ndege huyo karibu na watu. Yaani alikuja kuokota punje, akakaribishwa, akabaki. Kwetu alifika na biashara ya Bahari ya Hindi. Wanaakiolojia wameikuta mifupa yake Unguja Ukuu, katika tabaka za milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kutoka huko alisambaa, na jina lake likasambaa pia. Sisi tunasema kuku, ng'ambo ya ziwa Malawi wanasema nkhuku, Wazulu inkukhu. Wangoni walipofika Songea katika karne ya 19, baada ya safari ndefu iliyowavusha Zambezi mwaka 1835, walikuta watu wa lugha nyingine na desturi nyingine, lakini nadhani kuku waliweza kumwomba bila mkalimani.

Na tangu hapo kuku amekuwa ndiyo hela ndogo ya nyumba. Hakopwi benki, hasubiri msimu. Mgeni akija anachinjwa, mgonjwa akizidiwa anauzwa, ugomvi ukisuluhishwa anatolewa. Hata kwenye kiapo cha mwavi, ile sumu ya kumtafuta mchawi, wamisionari wa karne ya 19 waliandika kwamba mara nyingine jogoo ndiye aliyenyweshwa badala ya mtuhumiwa. Jogoo akifa, mtu ana hatia. Maskini jogoo, hakuna aliyemuuliza.

Halafu ikaja kodi. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na mwanzoni watu waliruhusiwa kulipa kwa mazao au kazi, kabla ya kubanwa walete rupia taslimu. Waingereza wakaja na kodi ya kichwa. Baada ya uhuru tukapata majina mapya, na kodi ya maendeleo tunayoikumbuka wengi kupitia wazazi wetu ilifutwa mwaka 2003. Bibi anasimulia kwamba siku za wakusanyaji kodi kupita, vitu vya kwanza kufichwa vilikuwa kuku. Aliwafunika kwa tenga chini ya kitanda, akaweka shuka juu. Siku moja wakusanyaji wakiwa mlangoni, jogoo akawika kutoka chini ya kitanda. Bibi akawaambia ni mjukuu anayecheza. "Wakaniamini?" nilimuuliza. "Walicheka," akasema, "halafu wakamchukua."

Msije mkadhani ufugaji huu ni wa kukaa kivulini. Nimekaa wiki tatu nikifanya kazi ya mfugaji na nimepungua. Alfajiri unawafungulia kutoka jikoni wanakolala, wanatoka kama wanafunzi waliosikia kengele. Kufika saa mbili wako kwa jirani, kwenye kichanja cha usipa, na jirani anapiga kelele jina la bibi wala si la kuku. Saa nne mwewe. Ukisikia koo anatoa ile sauti yake ya kukwaruza, kimbia, maana ukifika ukitembea utahesabu manyoya. Usiku nguchiro. Upande wa ziwani kuna kenge, na kenge anapenda mayai kuliko anavyopenda samaki. Kuna utitiri unaomfanya koo aache mayai yake katikati ya kuatamia, kuna ndui inayofunga vifaranga macho. Nilipofika palikuwa na koo aliyetoka tu kuangua vifaranga kumi na mmoja. Ijumaa ya pili walikuwa watano. Bibi hakushangaa hata kidogo. Watano ni wengi, alisema.

Lakini hao wote, mwewe na nguchiro na kenge, wanachukua mmoja mmoja. Mdondo unachukua nyumba.

Ukisikia jina lenyewe unawaona wakidondoka. Wengine huuita kideri. Kwa wataalamu unaitwa Newcastle, kwa sababu mwaka 1926 ulilipuka karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, na daktari wa mifugo aliyeitwa Doyle akauandika. Mwaka huohuo ulikuwa umeonekana Java, kule Indonesia ya leo, na wengi waliona kwamba ulisafiri na meli. Mwaka 1935 ukaripotiwa Mombasa, bandari nyingine. Mnaona mtiririko wake? Kuku mwenyewe alikuja kwa chombo cha baharini, na karne nyingi baadaye muuaji wake naye akaonekana bandarini. Kutoka pwani hadi kwetu hauhitaji zaidi ya tenga juu ya baiskeli, na siku hizi juu ya pikipiki au basi.

Hapa nina hoja yangu, mnaweza kunipinga. Tunapojadili Operesheni Vijiji tunazungumzia mashamba, maji na shule. Mwalimu alitaka kila mtu awe anaishi kijijini ifikapo mwisho wa 1976, na sehemu nyingi nyumba zilisogezwa zikabanana. Kuku nao walisogezwa. Nyumba zilizokuwa zimeachana kwa mwendo wa dakika ishirini zikawa zinatazamana, kuku wa nyumba hamsini wakawa wanachakura jalala moja. Kwetu ziwani tulikuwa tumebanana hata kabla ya hapo, kwa sababu ya uvuvi na kwa sababu ardhi tambarare ni finyu. Kwa kirusi hilo ni soko. Mdondo ukiingia nyumba ya kwanza Jumatatu, Ijumaa unasikia kimya cha asubuhi. Hakuna jogoo anayewika.

Basi ndiyo ilivyokuwa. Nikiwa safarini kwenda Chiwanda nilipita mnada mmoja njiani, nikaona majogoo chotara, makubwa, miguu kama ya mbuni. Nikanunua mawili. Nilitaka kumlipa bibi, mnanielewa, kumrudishia yale majogoo ya viatu. Nilifika nayo kifua mbele. Bibi akayapokea, akashukuru, akachukua kamba ya katani, akayafunga mguu na kuyapeleka nyuma ya choo, mbali na wenzake.

Mimi msomi nikaona huruma. Jua kali, kamba fupi, na kuku wenyewe wa bei. Siku ya pili bibi alipokwenda shambani, nikayafungua.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Methali hiyo niliiandikia insha darasa la sita na nikapata alama nzuri, niliandika kwamba maana yake ni kuwa mgeni hujulikana tu. Sikuwahi kufikiri kwamba kabla ya kuwa methali ilikuwa kamba. Kuku mgeni anafungwa ili asipotee, ndiyo, lakini bibi alikuwa anamweka mbali pia ili amtazame siku kadhaa kama ana jambo.

Siku ya sita jogoo mmoja alianza kukoroma. Siku ya saba kinyesi cha kijani, mabawa chini, shingo imepinda kama anayetafuta kitu mgongoni. Bibi alikamua mwarobaini akawanywesha wote, ingawa mdondo hauna dawa, na yeye alijua. Ndani ya siku tisa tulizika kuku kumi na tisa nyuma ya nyumba, na vile vifaranga vitano ndani yake. Kwa jirani wa kichanja cha usipa walikufa saba. Kwa mwingine sikuuliza. Nilimwendea yule jirani kuomba radhi, akaniambia "mdondo huja kila kiangazi, mwanangu", na akaniangalia kwa namna ambayo ningependa zaidi angenitukana.

Mwaka 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilipochomwa moto Namanga, nilikuwa mwanafunzi na nilikasirika kama wengi wenu. Marufuku ya kuingiza kuku ilikuwepo tangu hofu ya mafua ya ndege mwaka 2006. Bado siamini kwamba moto ndiyo ilikuwa njia. Ila ile hofu yenyewe sasa naijua inakotoka, nimeizika kwa jembe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba chanjo ipo. Inaitwa I-2. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mahususi kwa vijiji kama chetu, kwa sababu inavumilia joto kidogo. Unaweza kuibeba mbali na friji kwa kitambaa kibichi. Kati ya 2002 na 2005 mradi wa fedha za Australia uliisambaza Tanzania, Malawi na Msumbiji, na hapa kwetu ilikuwa ikitengenezwa Temeke, Dar es Salaam. Tone moja kwenye jicho, unarudia kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Basi. Shida ni kwamba kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo bila majirani kuchanga na kukubaliana siku, hakinunuliwi. Naye mtu aliyeishi Dar miaka yote hii, akipita kwenye maduka ya dawa za mifugo kila wiki, hakuwahi kuingia kuuliza. Mtu huyo mnamjua.

Walibaki mitetea wawili. Bibi alimpa mmoja yule jirani wa kichanja, akae naye, atakapoangua wagawane vifaranga nusu kwa nusu, kama walivyokuwa wakifanya zamani. Hakuniuliza maoni yangu.

Juzi amenipigia simu. Yule aliyebaki nyumbani ameanza kuatamia, mayai tisa. Nyumba kumi na mbili zimekubali kuchangia kichupa, na mimi ndiye nitakayekileta mwezi ujao, kwa basi, kwenye kitambaa kibichi. Ameuliza pia kama nitakuja na kuku wowote. Nikamwambia hapana, bibi. Akasema vizuri, lakini kamba bado anayo.