Nilimchoma dada wa watu bure kwa sababu ya chupa nyeusi

Wale mmekuwa hapa tangu 2022 mnaikumbuka ile video. Nimesimama bafuni na chupa mbili, ya pinki imebaki kidogo sana, nyeusi ni mpya kabisa, na mimi nasema, "Wasee, tao wanatucheza." Hakuna kitu nimewahi kuweka kikatazamwa vile. Nilitaja stoli, nikaonyesha risiti, nikawaambia mkae mbali. Wiki hii nimeifuta. Kabla mnijie na maswali kwa komenti, wacha niwaeleze hayo marashi yenyewe, kwa sababu kosa langu lilianzia hapo.

Ilikuwa hivi. Shangazi yangu alirudi kutoka Doha akaniletea Narciso Rodriguez For Her. Chupa ya pinki ndani ya boksi jeusi. Niliyapenda yale marashi mpaka nikawa nayatumia kwa mahesabu kama tokeni za stima. Yalipokaribia kuisha nikashuka tao, nikaona For Her kwa rafu. Jina ni lile lile, umbo la chupa ni lile lile, ila hii ilikuwa nyeusi na boksi ndilo la pinki. Nikalipa elfu saba mia tano, pesa ya kukusanya, si ya kuokota. Nikafika nyumbani, nikapuliza. Si yenyewe! Ya shangazi ilikuwa waridi na pichi tangu mwanzo. Hii ilifungua kama saluni Jumamosi mchana, ile dawa ya kupulizia nywele inayokuingia kooni. Hukumu nikatoa hapo hapo: feki.

Mwenye stoli aliniandikia inboksi usiku huo. "Mrembo, hebu soma maandishi ya chini kwa chupa zote mbili." Nikamjibu na emoji ya kucheka.

Maandishi ya chini nilikuwa nimeyasoma. Ya pinki imeandikwa Eau de Parfum, nyeusi Eau de Toilette. Lakini mimi, kama karibu kila mtu ninayemjua, niliamini kwamba hiyo ni tofauti ya nguvu tu. Ati Eau de Toilette ni ile ile Eau de Parfum ikiwa imeongezwa alkoholi, kama vile juisi ya kukoroga unavyoiongeza maji wageni wakizidi. Kwa hivyo nilitegemea harufu ile ile, ikiwa nyepesi. Nilipopata harufu tofauti, akili yangu haikuwa na jibu lingine isipokuwa wizi.

Sasa turudi nyuma, nyuma kabisa, kwa hiyo kitu inaitwa miski.

Neno tunalo kitambo. Miski ya Kiswahili imetoka kwa Waarabu, nao wamelichukua kwa Waajemi, na wataalamu wa lugha wanalifuata mpaka Kisanskriti, kwa neno lenye maana ya korodani. Msicheke. Miski ya asili ilitoka kwa paa wa miski, mnyama mdogo wa milima ya Himalaya, Tibet, Uchina na Siberia. Hana pembe, lakini dume ana meno mawili marefu yanayoning'inia nje ya mdomo kama sinema ya vampaya. Dume huyo ana kifuko chini ya tumbo, na ndani ya kifuko mna kitu cha rangi ya kahawia, gramu 25 hivi, ambacho kikikauka na kulowekwa kwenye alkoholi kinatoa ile harufu. Ili kukipata, watu walikuwa wanamuua. Hesabu mwenyewe kilo moja ni wanyama wangapi. Bei yake ilishindana na dhahabu, na wafanyabiashara walianza kuichakachua karne nyingi kabla hujazaliwa wewe na hiyo stoli yako ya tao. Kwa hivyo swali la "hii ni ori?" ni la zamani kuliko chupa zenyewe.

Halafu 1888. Mkemia Mjerumani, Albert Baur, alikuwa anafanya utafiti wa vilipuzi, jamii ya TNT. Kitu kimoja alichotengeneza hakikuwa na maana kwa kulipua, lakini kilinukia miski. Manze, bomu! Akakiuza kwa watu wa marashi, kikaitwa Musk Baur, na ndugu zake wakafuata, maarufu zaidi akiwa musk ketone. Hizo ndizo miski za nitro, na Chanel No. 5, iliyotoka 1921, ilizitumia. Yaani ule urembo wote wa Paris ulikuwa umekalia kemia ya baruti.

Sehemu hii ndiyo iliyonigeuza kichwa. Musk Baur haifanani hata kidogo na miski ya mnyama ukitazama molekuli yake. Miski ya paa ilikuja kueleweka 1926, wakati Leopold Ruzicka huko Uswisi alipoonyesha kwamba molekuli yake kuu ni duara kubwa la atomi 15 za kaboni. Wakemia wengi hawakuamini duara kubwa hivyo linaweza kukaa bila kuvunjika. Mwaka wa 1939 akapata Nobeli ya kemia, na hizo molekuli za duara zilikuwa sehemu ya sababu. Kwa hivyo dunia ilikuwa imevaa "miski" karibu miaka 40 kabla ya mtu yeyote kujua miski ni nini hasa.

Miski za nitro baadaye ziliingia matatani. Moja ilisababisha ngozi kuwashwa ikipigwa na jua, nyingine zikaonekana zinakaa kwenye maji na kwenye mwili bila kuisha, na Ulaya ikaanza kuzipiga marufuku. Lakini pigo lenyewe lilitoka kwa nguo chafu. Miaka ya 1960 kampuni ya IFF ya Marekani ilileta Galaxolide, miski ya bei nafuu ambayo maji ya kufulia hayaiondoi. Ikaingia kwa sabuni za unga na dawa za kulainisha nguo. Ndio maana kizazi chetu kikinusa miski hakifikirii mnyama wala chumba cha bibi harusi kilichofukizwa udi. Kinafikiria shuka zilizotoka kwa kamba. Miski ilikuwa harufu ya mwili, ikawa harufu ya usafi, na ni neno lile lile.

Miaka ya 1970 na 1980 miski ikawa ya vijana. Jovan Musk ilitoka 1972. The Body Shop wakaleta White Musk 1981, wakijisifia kwamba hakuna mnyama aliyeguswa. Na paa wa miski wenyewe walikuwa tayari wanalindwa na mkataba wa CITES tangu miaka ya 1970, kwa hivyo anayekuuzia "miski halisi" ya mia mbili kwa kichupa cha kupimiwa, mwangalie tu na umpe salamu.

Hapo ndipo anaingia Narciso Rodriguez. Ni Mmarekani, wazazi wake wametoka Cuba, na kazi yake ni nguo. Jina lake lilipaa 1996 aliposhona gauni la harusi la Carolyn Bessette akiolewa na John F. Kennedy Jr. Gauni jeupe lisilo na mbwembwe yoyote. (Na lile gauni jekundu na jeusi la Michelle Obama usiku Barack aliposhinda 2008 ni lake pia. Wakenya, usiku ule hatukulala, mathe wangu bado anausimulia.) Marashi yake ya kwanza yakatoka 2003, nayo ndiyo ile chupa nyeusi. Narudia: nyeusi ndiyo ya kwanza. Ile niliyoiita feki ndiyo mama yao wote.

Waliyatengeneza watu wawili, Christine Nagel na Francis Kurkdjian. Kurkdjian ndiye baadaye aliyefanya Baccarat Rouge 540, ile ambayo nusu ya Nairobi inanukia ukiingia lifti yoyote. Wazo lao lilikuwa kugeuza mambo. Kwa kawaida miski inakaa chini, ni msingi tu wa kushikilia maua. Hawa waliiweka katikati, maua yakawa wageni wake: ua la mchungwa, osmanthasi ambalo ni ua la Uchina lenye harufu kama aprikoti, halafu chini vetiva, ambayo ni mizizi ya nyasi, na vanila kidogo. Ukivumilia zile dakika tano za saluni, inatulia na kuwa kavu, safi, halafu karibu saa nzima baadaye inakuwa kitu ambacho siwezi kukiita ua tena. Ni ngozi. Ni kama shingo ya mtu aliyeoga jana usiku akalala vizuri.

Eau de Parfum ya chupa ya pinki ilikuja 2006, na hawakuchukua ile ya kwanza wakaikoleza. Waliandika upya. Ua la mchungwa likarudi nyuma, waridi na pichi vikachukua nafasi, na chini wakaweka pachuli na msandali. Miski iko, lakini imevaa nguo zaidi. Ina joto, ni tamu kidogo, na inakubalika haraka. Mtu anakwambia unanukia vizuri kabla hata hujakaa. Ile nyeusi hakuna anayekusifu dakika ya kwanza. Wanakuja kukusifu wakikukumbatia mkiagana. Mimi leo nikiulizwa nitasema nyeusi ni kazi kubwa zaidi, pinki ni rahisi kuishi nayo. Na haya yote yamebebwa na jina moja, umbo moja la chupa, na rangi mbili zilizobadilishana: nyeusi ndani ya boksi la pinki, pinki ndani ya boksi jeusi. Kwani waliokaa mezani wakaamua hivyo walikuwa wanatutakia nini?

Tangu hapo familia imejaa. Fleur Musc 2017, Pure Musc ya chupa nyeupe 2019, Musc Noir 2021. Kando yake kuna ukoo mwingine kabisa unaoitwa Narciso tu, chupa za mraba, kuanzia 2014, na Poudrée yake ya 2016 ambayo ni ya poda na wengi wenu mnaiita For Her kimakosa. Pure Musc ni nzuri lakini kwangu ni shuka tupu. Musc Noir sina shida nayo.

Na hata ukishika chupa nyeusi mbili, moja ya zamani na moja ya juzi, usishangae zikipishana. Sheria za viungo hubadilika. Kwa mfano Machi 2022 Ulaya ilipiga marufuku Lilial, kiungo cha harufu ya maua kilichokuwa kwenye bidhaa nyingi mno, na wengi ikabidi wapike upya. Hakuna anayekuandikia kwa boksi kwamba wamebadilisha.

Kuna moja ya mwisho, na hii iwasaidie mnaolia kila siku kwamba pafyumu "imeongezwa maji" kwa sababu haikai. Molekuli za miski ni kubwa kwa viwango vya harufu, na pua za watu hazifanani. Wengine hawasikii kabisa aina fulani ya miski, na bado wanasikia nyingine vizuri. Hiyo si ugonjwa, umezaliwa nayo. Ndio maana watengenezaji huchanganya miski kadhaa, ili kila pua ipate yake. Mimi nilijipuliza Pure Musc asubuhi, saa nne nikaapa imeisha. Nikaingia matatu, mama aliyeketi kando yangu akafungua dirisha.

Haya yote sikuyasoma kwa sababu nina roho safi. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikaamua kazi yangu itakuwa kuongea kuhusu marashi, na kampuni moja ndogo ikaniomba niandike ulinganisho wa hizi mbili. Ndiyo mara ya kwanza nilikaa nikachimba. Nilifika 2006 nikasimama. Nikafungua inboksi, nikashuka mpaka ule ujumbe wa "Mrembo, hebu soma." Chini yake kulikuwa na mwingine ambao sikuwahi kuufungua, wa wiki moja baadaye. Alikuwa amenitumia picha za maboksi yote, nambari za bechi, na risiti ya mahali alipoagizia. Na sentensi moja: kuna watu wamerudisha mizigo.

Jumanne nilienda. Sikujua kama nitamkuta. Stoli iko pale pale ngazi ya pili, ila ameigawa nusu, upande mmoja sasa kuna kijana anarekebisha simu. Nilijitambulisha, akasema, "Nakujua." Nikamwomba msamaha, nikamwonyesha kwamba video imetoka, nikamwambia nitaandika na nitaandika wazi kwamba alikuwa sahihi. Hakusema sawa, hakusema hapana. Alichukua chupa mbili za majaribio, akanivuta mkono wa kushoto akapuliza nyeusi, wa kulia akapuliza pinki, akasema, "Zunguka tao saa moja, halafu rudi uniambie ni gani feki."

Nilizunguka. Niliporudi alikuwa na mteja, msichana wa umri wangu, ameshika boksi la pinki na anauliza kwa nini ndani chupa ni nyeusi. Dada akanielekeza kwa kidevu. "Muulize huyo."