Mgema, Kotama na Tembo la Mnazi

Mshairi akitaka kumsema mtu aliyelewa sifa humkimbilia mgema, yule ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii imo vinywani mwa wanafunzi, imo tungoni, imo hata katika hotuba za wakubwa. Lakini ukimwuliza msemaji huyo mgema hukwea na nini, hukata wapi, na kwa nini maji yawe ndiyo khiyana yake kubwa, aghalabu hupati jawabu.

Dini imekwisha kulihukumu tembo, wala makala haya hayakusudii kuirejea hukumu hiyo. Wengi wetu visiwani hatukulionja wala hatutalionja. Hata hivyo, ujuzi wa kugema ni sehemu ya tarikhi ya pwani kama ulivyo ujuzi wa fundi wa jahazi, na sehemu ya maneno tunayotungia yametoka katika kazi hiyo.

Tuitazame kazi yenyewe. Mnazi hutoa maua yake ndani ya karara, nalo ni ganda gumu lenye ncha. Mgema halingoji karara lipasuke. Hulifunga kamba likiwa bado limefumba, akaliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha akaikata ncha yake kwa kotama, kisu kilichopinda, chenye makali ya kutisha. Utomvu huanza kudondoka, naye hutungika kibuyu chini yake. Kuanzia hapo hana mapumziko. Asubuhi na jioni, na pengine adhuhuri, hukwea, akamimina kilichopatikana, akachonga tena ubale mwembamba kama karatasi ili jeraha lisizibe. Akichonga sana hulimaliza karara kabla ya wakati. Akichonga kidogo utomvu hukauka. Kipimo hicho hakikuandikwa popote. Kiko mkononi mwake, na mkono huo wenyewe u kazini mita 15 au 20 juu ya ardhi.

Kinachotoka ni tamu kama maji ya sukari. Hakitiwi nafaka, hakipikwi, wala hakitafutiwi hamira, kwani chachu imo hewani na imo katika kibuyu cha jana. Kwa muda wa saa chache huanza kuumuka, na siku hiyo hiyo hupata ukali wa kiasi cha asilimia 4 au 5, sawa na bia ya chupa. Kikiachwa zaidi huwa chungu, na baada ya siku kadhaa huwa siki, ambayo haina utata kwa mpishi yeyote. Kwa hiyo kibuyu kimoja hupita hali tatu: tembo tamu, tembo kali na siki. Pombe za bara za mtama na mahindi zina moto wake na vyungu vyake; hili la pwani lina mti na saa.

Hapo ndipo maana ya methali inapofunuka. Tembo halikai, hivyo halipigwi muhuri wala halihifadhiwi ghalani likakaguliwa kesho. Mnunuzi hana dhamana ila uaminifu wa aliyeteremka nalo. Maji yakitiwa, ushahidi hunywewa.

Utomvu huo ulijulikana ng'ambo pia. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alielezea Dhofar, katika Oman ya leo, akataja watumishi wa minazi wanaokwea asubuhi na jioni kuuchukua utomvu, ambao hupikwa ukawa asali. Mti ni ule ule na kazi ni ile ile. Tofauti ni kama kilichoteremshwa kimewahiwa na moto au kimeachiwa wakati.

Kaskazini kwetu tembo liliitwa uchi, na neno hilo limo katika nyimbo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, pamoja na sifa za mnazi. Wamijikenda wanalitumia hadi leo. Kwao uchi haukuwa kinywaji cha starehe peke yake: ulitolewa katika posa, katika maziko na mbele ya wazee wa kusuluhisha, na kibuyu chake, kadzama, kiliingia katika hesabu ya mahari. David Parkin, aliyeandika juu ya Wagiriama kitabu kilichotoka mwaka 1972, alionyesha jinsi kununua na kuuza minazi kulivyohitaji mashahidi, na mashahidi kuhitaji uchi.

Huku kwetu mnazi ulikuwa na mshindani. Inasimuliwa kuwa Sayyid Said aliamuru kwa kila mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Kisha kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha minazi na mikarafuu mingi ya Unguja. Mwenye shamba alikuwa na hesabu nyingine pia, kwani karara lililogemwa halitoi nazi. Palipokuwa na soko la mbata, mgema alionekana mharibifu.

Serikali za kikoloni hazikumwelewa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali za kukereka zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ungemzuiaje mtu ambaye kiwanda chake kiko kileleni? Kilichombana zaidi kilikuja kwa chupa. Mwaka 1922 kiwanda cha bia kilianzishwa Nairobi na ndugu wa ukoo wa Hurst. Mwaka uliofuata mmoja wao, George Hurst, aliuawa na ndovu mawindoni, na bia ikaitwa Tusker, yaani ndovu mwenye pembe kubwa, na picha yake ikabandikwa kwenye chupa. Sijui kama wenye kiwanda walijua kwamba tembo, mnyama, na tembo, kinywaji, ni neno moja katika masikio ya pwani. Tanzania nako ikaja bia iitwayo Ndovu. Chupa husafiri, hukaa na hutozwa ushuru. Kibuyu hakiwezi hata kimoja.

Kenya ilipotunga sheria mpya ya vileo mwaka 2010, iliifuta marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980 na kuviweka vinywaji vya jadi chini ya leseni. Katika Kilifi mangwe bado zipo, watu huvuta mnazi kwa mirija, na vijana wachache hurithi kotama za baba zao.

Kwetu yamebaki maneno, nayo hayakai salama. Vidato, kwa mfano, ni zile ngazi zinazokatwa katika shina la mnazi ili mkwezi apate pa kutia mguu. Leo mtoto husema yuko kidato cha pili, na mwalimu wake pia hajui kuwa amemweka mtini. Nimeyauliza maneno haya kwa wazee wa mashamba: karara, kotama, upunga, kole. Waliojibu bila kufikiri wote walikuwa wamepita miaka 70.