Wawili ndani ya futi 38

Ukisimama juu ya daraja la Kilifi jioni, ukitazama kule hori inakofungukia bahari, utaona yoti kadhaa zimetia nanga. Mara ya kwanza nilipoziangalia vizuri, kilichonishika macho hakikuwa mlingoti wala tanga. Zilikuwa nguo zilizoanikwa. Taulo mbili, fulana, suruali fupi, zimebanwa kwenye waya wa ubavuni, vile tu nguo zinavyoanikwa kwenye balkoni za Pipeline. Nikajiambia, kumbe watu wanaishi mle!

Tangu siku hiyo simu yangu imenijua. Kila usiku inaniletea video za mke na mume walioacha kazi, wakanunua mashua kuukuu iliyokuwa ikiozea kwenye yadi, wakakwangua kutu, wakabadilisha injini, wakashona matanga upya, na sasa wanakunywa kahawa wakitazama pomboo. Mimi niko kwa bedsita, landilodi ameongeza kodi, na stima imepotea tena. Lazima mtu aanze kupiga hesabu. Nyumba isiyo na landilodi, isiyo na foleni ya Thika Road, na mpenzi wako yuko hapo kando yako. Unataka nini tena?

Lakini ndoto hii ina historia, na historia yenyewe haiko laini kama video. Sura yake moja nzito ilichezwa hapa kwetu, kwenye maji haya haya ya Bahari ya Hindi.

Hebu tuanze mbali kidogo. Mtu anayetajwa sana kama babu wa mambo haya ni Joshua Slocum, nahodha mzaliwa wa Kanada aliyekuwa raia wa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 meli za mvuke zilikuwa zimewanyima kazi manahodha wa matanga. Rafiki yake akampa mashua moja ya zamani, Spray, iliyokuwa imekaa nchi kavu shambani, imefunikwa turubai. Slocum akaikarabati kwa miezi 13, ubao kwa ubao, kwa gharama aliyoiandika mpaka senti: dola 553.62. Mwaka 1895 akang'oa nanga, na 1898 akarudi akiwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga.

Peke yake. Hilo ndilo neno ambalo watu hulipita haraka. Kabla ya Spray, Slocum alikuwa ameishi baharini na mke wake Virginia kwa zaidi ya miaka kumi. Walioana Sydney mwaka 1871, na watoto wao saba walizaliwa melini au kwenye bandari za ugenini. Mwaka 1884 Virginia alifariki ndani ya meli wakiwa Buenos Aires, kabla hajafika miaka 35. Slocum akaoa tena, akamchukua bibi harusi wake mpya, Hettie, akampeleka baharini. Meli yao ikavunjika Brazil. Familia ikajenga chombo kidogo ufuoni, wakakiita Liberdade, yaani uhuru, kwa sababu kilishushwa majini tarehe 13 Mei 1888, siku ile ile Brazil ilipofuta utumwa. Wakasafiri nacho mpaka Marekani. Walipofika, Hettie alishuka na hakusafiri tena na mumewe. Yaani sifa zote za Spray zimesimama juu ya kaburi la mke mmoja na hapana ya mke wa pili.

Ilichukua muda kabla ya wawili, mke na mume, kuonekana kama mabaharia wawili na si nahodha na mzigo wake. Waingereza Eric na Susan Hiscock walichangia sana. Kati ya 1952 na 1955 waliizunguka dunia kwa Wanderer III, chombo cha futi 30, wakabadilishana zamu usiku na mchana. Vitabu vya Eric vikawa mwongozo kwa watu wengi wa kawaida: mwalimu, mhasibu, fundi. Baadaye ikaja fibaglasi, vyombo vikawa rahisi na vya kudumu, na mtu aliyestaafu akaweza kununua mashua ya mkono wa pili na kuigeuza nyumba.

Watu wa aina hiyo ndio walikuwa Paul na Rachel Chandler.

Paul alikuwa mhandisi, Rachel mwanauchumi. Hawakuwa matajiri wa kutisha. Chombo chao, Lynn Rival, kilikuwa na urefu wa futi 38, chini ya mita 12. Matatu ya abiria 33, ukiongeza hatua chache mbele na nyuma. Ndani yake kulikuwa na jiko, kitanda, vitabu, vyombo vya fundi, na ndoa ya miaka mingi. Tarehe 22 Oktoba 2009 waliondoka Mahé, Ushelisheli, wakielekea Tanzania. Walikuwa wanakuja kwetu.

Hapa tuongee kidogo kuhusu pepo, kwa sababu bila pepo hadithi hii haieleweki. Pwani yetu imeishi kwa kalenda ya upepo karne nyingi. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi na kuyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili na kuyarudisha. Katikati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha utulivu, bahari inalala, hewa imesimama. Kwa mtu wa yoti, Oktoba ni mwezi mzuri wa kuvuka: kusi limechoka, kaskazi halijaamka.

Shida ni kwamba Oktoba ni mwezi mzuri pia kwa boti ndogo ya injini iliyobeba vijana wenye bunduki. Kusi likichacha, boti kama hiyo haiwezi kwenda mbali na ufuo. Bahari ikitulia, inaweza. Manowari zote zilizokuwa zikipiga doria zilijua hivyo: msimu ukibadilika, mashambulizi yanapanda. Maharamia walikuwa wanasoma kalenda ile ile ya manahodha wetu wa zamani.

Mwendo wa saa nane na nusu usiku, tarehe 23 Oktoba, Rachel alikuwa kwenye zamu na Paul amelala. Boti zikatokea gizani. Kwa mashua inayokwenda kasi ya mtu anayekimbia polepole, hakuna cha kukimbia. Walifaulu kuwasha kifaa cha kuomba msaada, lakini Lynn Rival ikageuzwa kuelekea Somalia. Siku chache baadaye wakahamishiwa kwenye Kota Wajar, meli ya makontena iliyokuwa imetekwa mwezi huo huo ikielekea Mombasa. Meli ya usaidizi ya jeshi la majini la Uingereza, Wave Knight, ilikuwa karibu kiasi cha kuona wakihamishwa. Haikufyatua risasi, kwa kuhofia kuwaua waliotaka kuwaokoa.

Hofu hiyo haikuwa bure. Mnamo Aprili mwaka huo huo, makomando wa Ufaransa walivamia yoti iitwayo Tanit, iliyokuwa na familia changa iliyotekwa ikishuka kuelekea pwani yetu. Mke na mtoto waliokolewa. Mume, Florent Lemaçon, akafa, na serikali ya Ufaransa ikakiri kwamba risasi iliyomuua ilitoka kwa wanajeshi wake.

Maharamia waliomba dola milioni 7 kwa ajili ya Paul na Rachel. Fikiria kichekesho hicho kichungu: wao waliona mzungu na yoti, wakaona pesa. Hawakuona wazee wawili ambao akiba yao ilikuwa ile ile mashua. Serikali ya Uingereza ilishikilia msimamo wake wa kutolipa fidia. Familia ikabaki kujitafutia.

Kilichonikaa zaidi katika kisa hiki si pesa, ni ile siku walipotenganishwa. Watu waliokuwa wamezoea kuishi hatua tatu kutoka kwa kila mmoja, kusikia pumzi ya mwenzake ikibadilika upepo ukibadilika, walivutwa kila mtu upande wake. Walipokataa, walipigwa. Walikaa mbali mbali kwa karibu miezi mitatu. Siku hizi tunapenda kusema mapenzi yanahitaji nafasi, kila mtu awe na yake. Inawezekana. Lakini hawa, katika nchi pana ya nyika na jua, walichokitamani ni kule kubanana kwa futi 38.

Katikati ya 2010 pesa zikadondoshwa kutoka kwa ndege, zaidi ya dola 400,000. Hawakuachiliwa. Ilibidi mazungumzo yaanze upya, na safari hii Wasomali wenyewe wakaingia. Wasomali waishio Uingereza walikuwa wamepaza sauti kutaka waachiliwe, na mmoja wao, Dahir Kadiye, aliyewahi kuendesha teksi London, akasafiri mpaka kule kuwashawishi watekaji. Tarehe 14 Novemba 2010, baada ya siku 388, Paul na Rachel waliachiliwa Adado, wakapitishwa Mogadishu na kuletwa Nairobi. Ndiyo, hapa hapa. Walikuja Afrika Mashariki mwishowe, si kwa tanga bali kwa ndege, wamekonda, na Paul akiwa na msiba: babake alikuwa amefariki yeye akiwa mateka.

Watu wengi walisema wakati huo, na bado wanasema: si walijitakia? Nani aliwatuma? Swali hilo lina ukweli wake, maana onyo kuhusu maharamia lilikuwa limeshatolewa. Lakini kabla hatujalicheka, tukumbuke kwamba bahari hiyo ilitufunga na sisi. Meli za watalii zilipunguza kuja Mombasa. Kenya ilikubali kuwashtaki washukiwa waliokamatwa na manowari za kigeni, na 2010 chumba maalum cha mahakama kikafunguliwa karibu na gereza la Shimo la Tewa, Shanzu. Septemba 2011 watu wenye silaha walifika Kiwayu, wakamuua David Tebbutt na kumteka mkewe Judith. Mwanzoni mwa Oktoba wakamchukua Marie Dedieu kutoka Manda, naye akafa mikononi mwao. Wiki mbili baadaye jeshi la Kenya likaingia Somalia. Yaliyofuata tunayajua, na wengine wetu tumezika watu kwa sababu yake.

Na upande wa pili? Uharamia haukuota kama uyoga. Serikali ya Somalia ilianguka 1991, na meli za kigeni zikaja kuvua bila ruhusa mahali ambapo hakukuwa tena na wa kuuliza. Wavuvi walianza kwa kujilinda, ndivyo walivyosema. Ila kufikia 2009 ilikuwa biashara kamili, na wawekezaji, walinzi, wapishi na watu wa kukopesha miraa kwa vijana waliokuwa wakisubiri mgao. Mvuvi wa kweli alibaki maskini, na tena akaogopa kwenda mbali, asije akadhaniwa haramia na kupigwa risasi.

Hapo ndipo naona kosa la video zangu za usiku. Zinauza bahari kama mahali pasipo na mwenyewe. Bahari haijawahi kuwa hivyo. Kila maji yana watu wake, madeni yake na hasira zake, na pasipoti uliyonayo ndiyo huamua nani atakutafuta ukipotea. Msafiri wa yoti huondoka kwao kukwepa dunia, kisha anaikuta imemngoja kule.

Lakini kisa hakikuishia Nairobi. Lynn Rival ilikuwa imeokotwa na Wave Knight na kurudishwa Uingereza. Ilikuwa imeporwa na kuharibiwa. Paul na Rachel wangeweza kuiuza na kununua nyumba yenye bustani. Badala yake waliikarabati chombo chao, na mwaka 2012 wakatweka tanga tena, safari hii kupitia Atlantiki.

Kwa muda mrefu sikuelewa. Niliona kama ukaidi wa wazungu. Sasa nafikiri jibu ni jepesi kuliko hilo. Watu wakivunjiwa nyumba na wezi, wengi wetu hubadilisha kufuli na kulala pale pale. Hatuhami, kwa sababu tukihama mwizi atakuwa amechukua na nyumba pia.

Tangu Januari 2023 wenye meli waliiondoa Bahari ya Hindi kwenye orodha yao ya maeneo ya hatari kuu, ingawa maharamia wameonekana tena tangu hapo. Yoti bado zinakuja Kilifi. Mara ya mwisho nilipopita, mwanamke mmoja mwenye mvi alikuwa amekaa sitahani akishona tanga, na mwanamume amepiga magoti kando yake, amemshikia kitambaa kisichukuliwe na upepo. Hawakuwa wanaongea. Nilitazama mpaka matatu ikapiga honi, nikarudi ndani, nikalipa nauli.