Tawi Lisilo na Shina: Reli ya Kusini Juu ya Meza

Tuseme unakaa Jangwani, chumba na sebule, na umeamua kutengeneza reli ya modeli. Sizungumzii ile ya plastiki ya mtoto inayozunguka duara juu ya zulia. Nazungumzia modeli yenyewe: kituo kidogo cha mashambani, tuta la reli, miti, watu wanaosubiri na mizigo yao, treni inaingia polepole. Ulaya na Marekani kuna watu wazima wanaotumia miaka kumi kutengeneza kitu kama hicho, na wengi wao hawachagui njia kuu. Wanachagua tawi, kile kireli cha kijijini chenye treni moja au mbili kwa siku. Sababu yao kubwa ni nafasi tu. Tawi linaenea mezani.

Kabla ya yote, usiijenge sakafuni. Masika Msimbazi haubishi hodi, hilo wewe unalijua kuliko mimi. Iweke mezani, au itundike ukutani kwa bawaba uwe unaishusha ukitaka kufanya kazi.

Halafu uchague tawi. Yapo mengi: Kilosa kwenda Kidatu, Kaliua kwenda Mpanda, Manyoni kwenda Singida. Mimi nakushauri uchague reli ambayo haipo tena, ile ya Mtwara kwenda Nachingwea. Nikiiita tawi niwie radhi kidogo, maana lilikuwa tawi lisilo na shina. Halikuungana na Reli ya Kati wala na reli nyingine yoyote nchini. Lilianzia baharini likaishia porini, na maisha yake yote, tangu treni za kwanza hadi reli kung'olewa, hayakuzidi miaka kumi na mitano hivi.

Ilijengwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula yanatolewa kwa mgawo, na serikali yake ikakubali mpango wa kulima karanga kwa trekta katika Afrika Mashariki na Kati, ekari milioni tatu na zaidi. Zaidi ya nusu ya mashamba hayo yalipangwa kuwa huku Kusini. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na hadithi ya Kongwa ndiyo inayosimuliwa kila mara: vifaru vya vita vilivyogeuzwa trekta, mvua zilizokataa kunyesha, na udongo wa mfinyanzi uliokauka ukawa kama saruji. Hapo pana sayansi kidogo. Ua la karanga likishachavushwa huteremsha kijiti chake chini, kikachoma udongo, na ganda likakulia humo ardhini. Udongo ukiwa mgumu kijiti hakipenyi vizuri, na hata kikipenya, siku ya kuvuna utachimba kwa nini?

Shida ya Nachingwea ilikuwa tofauti. Huko tatizo la kwanza lilikuwa kufika. Hapakuwa na bandari ya kina wala reli. Ikabidi mashine zishushwe Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na kutoka hapo reli ikaelekezwa bara hadi Nachingwea, ikafika mwaka 1949. Bandari ya Mtwara, ile ambayo reli hii ilikusudiwa kuihudumia hasa, ilifunguliwa mwaka 1954. Sasa angalia tarehe: mpango mkubwa wa karanga ulifutwa Januari 1951, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Yaani bandari ilikuja miaka mitatu baada ya mzigo wake kufutwa. Reli ikaendelea hivyohivyo, ikatolewa hata kitawi cha Masasi mwaka 1958, na mwaka 1962 huduma ikafungwa. Mizigo haikutosha kulipia gharama.

Turudi mezani. Skeli inayotumiwa zaidi duniani ni 1:87, kila kitu kinapunguzwa mara 87. Reli ya Kusini ilikuwa na upana wa mita moja, sawa na ile ya zamani unayoivuka Kamata ukitoka Kariakoo. Gawanya milimita 1,000 kwa 87 unapata 11.5. Bahati nzuri viwanda vya modeli vinatengeneza njia ya milimita 12, kwa hiyo umepona. (Kwa faida tu: TAZARA, yenye milimita 1,067, ingekuwa 12.3, na SGR 16.5. Ile tofauti ya TAZARA na reli ya mita, ambayo mezani haifiki milimita moja, ndiyo inayofanya mizigo ihamishwe kutoka behewa hadi behewa pale Kidatu.)

Mtu mzima anakuwa na milimita 19, chini ya nusu ya njiti ya kiberiti. Mbuyu wa mita 20 unakuwa na sentimita 23, na hapa nakuomba usifanye kosa la watengenezaji wengi la kufupisha miti ili treni ionekane kubwa. Treni ya mashambani kwetu ni kitu kidogo katika pori kubwa, na modeli iseme hivyo.

Uzito nao una mambo yake. Urefu ukipungua mara 87, ujazo unapungua mara 87 kwa 87 kwa 87, zaidi ya laki sita na nusu. Lile garimoshi kubwa la Garratt la daraja la 59, lililovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, lilikuwa na tani 250 hivi. Kwa hesabu hiyo modeli yake ingepaswa kuwa na gramu chini ya 400, uzito wa paketi ya majani ya chai. Ndiyo maana vichwa vya treni vya modeli huruka relini kwa kosa dogo tu, na wenyewe huwekea risasi ndani. Ila usije ukaweka Garratt Nachingwea kwa sababu tu umeikuta inauzwa. Hiyo ilikuwa ya mizigo ya Mombasa. Tafuta kichwa kidogo.

Ubao mzima wa plaiwudi una futi nane, mita 2.44. Zidisha kwa 87: mita 212. Na reli yenyewe ilikuwa na zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo ubao wako unabeba kama sehemu moja ya elfu ya njia. Hapo ndipo modeli inapokulazimisha uwe mwanahistoria. Kitabuni unaweza kuandika "reli ilihudumia mikoa ya Kusini" ukapita. Mezani huwezi. Lazima useme ni mita 212 zipi, mwaka gani, mwezi gani, mti gani una majani, na yule mtu aliyekaa kwenye gunia anasubiri nini.

Wengi wangechagua 1949, matrekta na Wazungu wenye kofia. Ni picha maarufu. Mimi ningechagua Desemba 1961.

Kwa nini Desemba? Kwa sababu ni msimu wa korosho. Wakati reli ile inahesabiwa kuwa imeshindwa, wakulima wa Mtwara na Lindi walikuwa wanapanda mikorosho bila trekta hata moja, kwenye vishamba vyao, mara nyingi katikati ya muhogo na mtama. Mkorosho unaanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hivi na unaendelea kuongeza kwa miaka mingi. Fuatisha hesabu: miche ya katikati ya miaka ya 1950 ilikuwa ndiyo kwanza inachangamka mwaka 1962, reli ilipofungwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi, sehemu kubwa ikitoka Kusini, nyingi zikisafirishwa kwenda kubanguliwa India. Chukua nusu tu ya hizo, na tuseme treni moja inabeba tani 300. Hizo ni treni 240 na kitu, takriban mbili kila siku kwa miezi minne ya mavuno. Na njia ya kupitia haipo.

Sitaki kukudanganya kwamba hesabu hiyo inamaliza ubishi. Mzigo wa miezi minne unaacha mabehewa yamelala miezi minane, na mhasibu yeyote wa reli atakuonyesha hilo. Tena korosho yenyewe iliporomoka vibaya baadaye, bei, kuhamia vijijini na ubwiriunga vikichangia. Inawezekana reli ingefungwa tu mwaka 1985 badala ya 1962. Ninachobisha ni kipimo kilichotumika. Reli ilipimwa kwa karanga za mpango wa London ambazo hazikuja, ikang'olewa wakati zao ambalo watu walikuwa wamelichagua wenyewe ndiyo linaanza kujaza maghala. Mwaka 2018 serikali iliagiza malori ya jeshi yakabebe korosho kutoka Kusini. Na leo mipango inazungumzia reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay.

Kama unajiuliza Jangwani inahusika vipi, ulizia majina ya mitaa yako. Kariakoo imepata jina kwa Carrier Corps, mapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo katika vita vya kwanza vya dunia. Vita hivyo mwaka 1917 vilihamia Kusini, ambako hapakuwa na Reli ya Kati ya kutegemea, na mzigo ukapanda vichwani. Pagazi mmoja alibeba kilo 27 hivi. Behewa dogo la tani kumi ni mapagazi 370. Na neno machinga, linalozunguka sokoni kutwa nzima, wengi wanalieleza kuwa limetokana na Wamachinga wa Lindi, vijana waliokuja mjini kuuza vitu mkononi. Sisemi reli ingewazuia kuja. Ila mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 kule Rufiji, barabara ya kuja huku wakati wa mvua ilikuwa ni kudra tu.

Vifaa sasa. Karibu vyote utavipata Kariakoo. Mikorosho itengeneze kwa dodoki: lichanechane, lichovye rangi ya kijani iliyokolea, lipachike juu ya waya uliosokotwa. Kichwa cha mkorosho ni cha mviringo na matawi yake yanashuka karibu na ardhi, usiufanye kama mwembe. Mbuyu ni waya na plasta. Makuti ya mapaa ni makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Nguzo za simu ni chelewa za ufagio. Udongo uchekeche kwa chujio la chai, uumwage juu ya gundi nyeupe. Mataruma ya reli zetu nyingi yalikuwa ya chuma kwa sababu mchwa hawana mchezo na mbao, basi yapake rangi ya kutu, si ya mti. Na magunia: punje ya kunde kwa skeli hii ina ukubwa wa gunia. Zipake rangi ya katani, zipange jukwaani safu kwa safu. Chache hazitoshi. Weka nyingi mpaka jukwaa lionekane dogo.

Kituo chenyewe kipe jina la kubuni. Wenye fani wanaruhusu, na inakuepusha na ugomvi wa mlango ulikuwa upande gani.

Modeli nyingi huficha nyuma ya pazia njia kadhaa ambako treni zinatoka na kurudi: hii imetoka mji mkuu, ile inakwenda pwani. Wewe utahitaji njia mbili tu, Mtwara kulia, Nachingwea kushoto. Ya kutoka Dar usiiweke, haikuwepo.

Kisha, kabla hujamaliza, ubao ukiwa bado na mabaka ya plasta, mtafute mzee wa Kusini. Kariakoo hawakosekani. Aliyezaliwa mwaka 1945 alikuwa na miaka 16 Desemba ile ya Uhuru, na sasa anapita themanini. Ukimuuliza "nisimulie historia ya reli" atakujibu sentensi mbili za heshima akakukaribisha chai. Muonyeshe ubao. Mwulize kama magunia yalipangwa hivi, nani aliyeyapakia, akina mama waliuza nini treni iliposimama, treni ilipiga honi wapi. Mwache akukosoe. Beba kalamu, na nafasi ya kubandua ulichobandika.