Dereva Asipojulikana: Historia ya Fidia kwa Wanaogongwa na Magari Yanayokimbia

Wajibu wa dereva kusimama baada ya kumgonga mtu uliandikwa katika Sheria ya Magari ya Uingereza ya 1903. Sheria hiyo hiyo iliagiza kila gari lisajiliwe na libebe namba za usajili kuanzia Januari 1, 1904. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Gari liliweza kumwangusha mtu na kutoweka kabla wapita njia hawajageuka kutazama, na aliyeanguka hakubaki na chochote cha kumtambulisha aliyemuumiza. Shahidi aliyeshika kichwani herufi mbili na tarakimu mbili za namba alikuwa na thamani kuliko umati mzima uliosema tu kwamba gari lilikuwa jeusi na lilikimbia sana.

Hata hivyo, sheria ya 1903 ilimlenga dereva peke yake: apatikane, ashtakiwe, atozwe faini au afungwe. Aliyevunjika mguu alitakiwa afungue kesi yake mwenyewe ya madai, athibitishe uzembe, ashinde, kisha aombe Mungu mdaiwa awe na kitu cha kulipa. Wengi walishinda mahakamani wakaondoka mikono mitupu. Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya robo karne, mpaka Sheria ya Usalama Barabarani ya 1930 ilipomlazimisha kila mwenye gari awe na bima ya kuwafidia watu wengine atakaowaua au kuwajeruhi. Mwaka huo barabara za Uingereza ziliua watu zaidi ya 7,000. Marekebisho ya 1934 yakaongeza nguvu: kampuni ya bima ikabanwa kulipa hukumu hata pale ambapo ingependa kujitoa kwa kisingizio kwamba mteja wake alivunja masharti ya mkataba.

Bado palikuwa na mianya miwili. Wa kwanza ni dereva asiye na bima kabisa. Wa pili ni dereva asiyejulikana. Kamati iliyoongozwa na Sir Felix Cassel ilipendekeza mwaka 1937 kwamba uwepo mfuko wa pamoja wa kuwalipa waliogongwa na magari yasiyo na bima, lakini vita vikaja na pendekezo likakaa kabatini. Miaka ya vita ndiyo iliyokuwa mibaya kuliko yote. Taa za barabarani zilizimwa ili ndege za adui zisione miji, taa za magari zikafunikwa, na mwaka 1941 waliokufa barabarani walizidi 9,000. Katika giza lile hakuna aliyeweza kusoma namba ya gari.

Mwaka 1946 kampuni za bima za Uingereza ziliunda ofisi yao ya pamoja, inayojulikana kwa herufi MIB, na kutia saini makubaliano na waziri wa usafirishaji. Kuanzia hapo, mtu aliyeshinda kesi dhidi ya dereva asiye na bima angelipwa na ofisi hiyo, na fedha zingetoka kwa kampuni zote, maana yake kwa kila mwenye gari aliyelipa bima kihalali. Yalikuwa makubaliano mazuri, lakini yalisimama juu ya neno moja: hukumu. Ili mahakama itoe hukumu lazima awepo mdaiwa mwenye jina. Aliyegongwa na gari lililokimbia hakuwa na jina la kuandika kwenye hati ya madai, kwa hiyo hakuwa na kesi, hakuwa na hukumu, na hakuwa na haki ya kudai chochote. MIB iliwapa baadhi yao kitu kidogo kwa hisani, ikijiamulia yenyewe nani apewe na kiasi gani. Kwa zaidi ya miaka 20, mtu aliyegongwa na mlevi asiye na bima aliyekamatwa alikuwa na haki kamili, na aliyegongwa na mlevi yule yule aliyefanikiwa kutoroka alibaki akisubiri huruma. Ni vigumu kuona uovu wa namna hiyo ukitetewa kwa hoja yoyote zaidi ya urahisi wa makaratasi.

Makubaliano ya 1969 ndiyo yaliyouziba mwanya huo. Yaliondoa kabisa hitaji la mahakama. Majeruhi aliandika maombi kwa MIB ndani ya miaka mitatu, akatoa ushirikiano kwa uchunguzi, na ofisi ikapima kama ingekuwa mahakama ya madai: je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko kinyume chake kwamba majeraha yalisababishwa na uzembe wa dereva huyo asiyejulikana? Jibu likiwa ndiyo, alilipwa kwa kipimo kile kile ambacho jaji angekitumia. Asiporidhika, alikata rufaa kwa msuluhishi ambaye ni wakili mwandamizi. Mali iliyoharibika haikulipwa, kwa hofu kwamba kila mwenye gari lililokwaruzwa angemsingizia dereva aliyekimbia. Kazi ya wakili ikabadilika: badala ya kumhoji shahidi kizimbani, alikusanya ripoti za daktari, michoro ya polisi na vipande vya kioo cha taa, kisha akavipanga kwenye faili.

Jumuiya ya Ulaya iliufanya mpango wa aina hii kuwa lazima kwa nchi zote wanachama kupitia agizo lake la mwishoni mwa 1983. Lakini hata Uingereza, iliyoutangulia, ilibanwa tena. Mwaka 2003 mahakama ya jumuiya hiyo ilitoa hukumu katika shauri la mtu aliyegongwa mwaka 1991 na gari lisilojulikana, ambaye alidai riba na gharama za wakili wake. Mzozo huo ulionyesha jambo ambalo sheria huelekea kulisahau: fidia inayocheleweshwa kwa miaka, huku majeruhi akimlipa wakili kutoka mfukoni, huwa imeshapungua kabla haijamfikia.

Afrika Mashariki ilipokea nusu tu ya urithi huu. Katikati ya miaka ya 1940 serikali za kikoloni za Kenya na Tanganyika zilitunga sheria za bima ya magari kwa kufuata mfano wa Uingereza. Ndizo zilizozaa kile ambacho Watanzania wanakiita bima ndogo. Sheria hizo zilichukua bima ya lazima ya 1930 na wajibu wa kampuni kulipa hukumu wa 1934, zikaishia hapo. Ofisi ya pamoja iliyoundwa London karibu wakati ule ule haikuvuka bahari. Uhuru haukuubadilisha msingi huo. Tanzania ilitaifisha bima mwaka 1967 na kuiweka mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, na Zanzibar ikaanzisha shirika lake mwaka 1969. Katika miaka hiyo, kujua nani atalipa lilikuwa jambo rahisi kwa upande wa Bara, kwa kuwa kampuni ilikuwa moja. Ila namba ya gari isipojulikana, hata shirika hilo moja halikuwa na deni kwa mtu.

Ndiyo maana, kwa aliyegongwa Kibaha au Naivasha, msaada wa kisheria huanzia kituo cha polisi kabla ya ofisi ya wakili. Nchini Tanzania majeruhi hupewa fomu ya polisi ya PF3. Kenya hupewa P3. Daktari huandika humo aina na uzito wa majeraha, na fomu hurudi polisi. Trafiki huchora ramani ya eneo: alama za breki, mahali damu ilipo, upande ambao vioo vimetawanyika. Rangi iliyobaki kwenye fremu ya pikipiki ya bodaboda huweza kueleza aina ya gari, na fundi wa gereji jirani aliyeletewa taa mpya kuifunga usiku ule huweza kuwa shahidi muhimu kuliko wote. Kazi hii isipofanywa siku za mwanzo, haifanyiki tena.

Walio wengi hawana fedha za wakili. Kamati ya msaada wa kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza miaka ya 1960, na Kituo cha Sheria cha Nairobi kikafuata mwaka 1973. Sheria za msaada wa kisheria zilikuja baadaye sana: Kenya 2016, Tanzania Bara 2017, na hii ya pili ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria walioko wilayani na vijijini. Katika pengo hilo refu waliingia madalali wanaozunguka wodini wakitafuta sahihi za wagonjwa kwa ahadi ya mgawo. Sheria ya mawakili ya Kenya haiutambui mkataba wa wakili kulipwa tu akishinda, lakini mgonjwa aliyelala na mguu ukiwa juu hana namna ya kulijua hilo.

Nchi nyingine zimeonyesha kwamba mwanya wa gari lisilojulikana unazibika bila utajiri wa Ulaya. India iliweka malipo maalumu mwaka 1982: rupia 5,000 kwa aliyekufa na 1,000 kwa aliyejeruhiwa vibaya. Ni kidogo mno, lakini ni haki, na tangu Aprili 2022 ni rupia 200,000 na 50,000. Afrika Kusini huwalipa waathirika kutoka mfuko wa ajali unaotokana na tozo ya mafuta, na mwaka 2007 mahakama yake ya katiba ilifuta sharti lililomnyima fidia majeruhi wa gari lisilojulikana asipopeleka hati ya kiapo polisi ndani ya siku 14. Rwanda, jirani kabisa, ina mfuko maalumu wa dhamana unaowalipa walioumizwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima.

Kwa Kenya na Tanzania, muda wa kufungua madai ya aina hii ni miaka mitatu tangu ajali. Dereva akipatikana ndani ya muda huo, bima ndogo yake hulipa. Asipopatikana, sheria zilizorithiwa hazimpi majeruhi wa kumdai, mpaka uwekwe utaratibu kama ule ambao Uingereza iliuweka kwa makubaliano ya 1969.