Fedha ya Mtoto Ipite Mkono wa Nani? Kutoka Madina ya Sayyidna Umar hadi Liverpool



Mara nyingi hapa tunazungumza singo, hina, mavazi na mambo ya ndani. Leo nataka tuzungumze historia, na khasa nyinyi mnaojitayarisha kuolewa msiipite. Ndoa inakuja na watoto inshaAllah, na mtoto anakuja na gharama: chakula, kliniki, na mtu wa kumwangalia mama akienda kutafuta riziki. Suali ni la zamani. Gharama hii ni ya baba peke yake, ya mama, au jamii nayo ina fungu lake? Na fedha ikitolewa, apewe nani mkononi?

Kilio cha usiku Madina

Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), mali ilipokuwa nyingi Baytul Mal, aliweka daftari la majina ya Waislamu na posho ya kila mmoja. Daftari hilo liliitwa diwani, na kwenye asili hiyo ndiko lilikotoka neno letu la leo la diwani wa wadi. Watoto nao waliandikiwa posho, ila kwa sharti moja: mtoto awe ameshaachishwa ziwa.

Imepokewa kwamba usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulifikia Madina, na Sayyidna Umar akatoka pamoja na Abdulrahman bin Auf (r.a.) kuulinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Mungu na amtazame mwanawe. Akarudi mahali pake, kilio kikaanza tena, akaenda tena. Usiku ulipokaribia kwisha mtoto akalia mara nyengine, naye akauliza mtoto huyu ana nini hata halali usiku kucha. Yule mama, asijue anazungumza na nani, akajibu kuwa anamwachisha ziwa naye anakataa. Akaulizwa kwa nini anamharakisha. Akasema kwa sababu Umar haandiki posho ila kwa aliyeachishwa. Na mtoto mwenyewe alikuwa wa miezi tu.

Alfajiri ile Sayyidna Umar aliswalisha huku akilia hata watu wasikifahamu vizuri kisomo chake. Alipotoa salamu alijilaumu mbele yao kwa watoto waliodhurika kwa sababu ya sharti lake, akaamuru itangazwe kuwa watu wasiwaharakishe watoto kuacha ziwa, kwani kila mtoto anayezaliwa ameandikiwa posho. Barua zikapelekwa kwenye miji mingine kwa hukumu hiyo hiyo. Riwaya zinataja dirhamu 100 kwa mtoto mchanga, zikiongezeka anavyokua.

Ukilitazama lile sharti la mwanzo, halikuwa la dhulma. Mtoto anayenyonya chakula chake kipo kifuani kwa mama, kwa hiyo ilionekana hana haja ya posho. Lakini mama alilipima kwa hesabu ya chungu chake, akaona afadhali amwachishe mapema. Na Suratul Baqarah, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha, na inamuwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama. Kilichosaidia ni kwamba mwenye daftari alitoka mwenyewe usiku, akasikia, akauliza, na asione haya kubadilisha.

Jiko la Kitty

Sasa tuvuke bahari twende Liverpool, mji wa bandari Uingereza, kwa sababu historia yake ya afya na malezi inatufaa sana sisi watu wa bandari.

Catherine Wilkinson, aliyejulikana kwa jina la Kitty, alizaliwa Ireland mwaka 1786. Aliletwa Liverpool akiwa mtoto, na akiwa bado msichana mdogo alifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba. Mume wake wa kwanza alikuwa baharia, akafa akamwachia watoto wawili. Baadae aliolewa na Tom Wilkinson, mpagazi kwenye ghala la pamba la familia ya Rathbone. Hakuwa na mali wala cheo. Alichokuwa nacho ni pipa la kuchemshia maji, ambalo majirani zake hawakuwa nalo.

Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia mjini. Kitty alifungua jiko lake kwa majirani wafue humo nguo na matandiko ya wagonjwa kwa maji ya moto na unga wa klorini, kwa mchango wa peni moja kwa wiki. Wakati ule wataalamu wengi waliamini maradhi yanaletwa na hewa mbovu. Yeye alishika la kufua kwa maji ya moto, na watu waliofua kwake wakawa na nguo safi wakati mtaa mzima umo katika uchafu. Akina Rathbone na jumuiya ya hisani ya mji walipoona kazi yake wakamsaidia kuipanua.

Kuna jengine alilolifanya ambalo halitajwi sana. Kipindupindu kiliacha mayatima, na mama waliokuwa wazima walikuwa kazini. Kitty aliwakusanya watoto wapatao 20 chumbani mwake, akawa anakaa nao kila siku kwa msaada wa jirani, wakifundishwa na kusimuliwa hadithi. Kwa lugha ya leo, lile lilikuwa jiko la afya na chumba cha malezi chini ya paa moja, na mwanamke hawezi kulitumia moja bila ya jengine. Nani atakwenda kufua shuka za mgonjwa kwa utulivu ikiwa mtoto wake anatambaa karibu na maji yanayochemka?

Baraza la mji lilichukua muda kulifuata jiko hilo. Mwaka 1842 lilijenga mtaa wa Frederick nyumba ya kufulia na kuogea ya umma, ya mwanzo ya aina yake nchini humo. Mwaka 1846 Kitty na Tom wakapewa usimamizi wake, na mwaka huo huo Kitty alitunukiwa vyombo vya chai vya fedha kwa jina la Malkia na mabibi wa Liverpool. Sheria ya Bunge ya mwaka huo nayo ikaruhusu miji mingine ijenge nyumba kama hizo kwa kodi ya majumba.

Bodi, na nani amekaa mezani

Liverpool haikuishia kwenye kufua. Kwa sheria yake ya usafi ya mwaka 1846, ilimteua Dk. William Henry Duncan kuwa daktari wa afya wa mji kuanzia Januari 1847, wa mwanzo Uingereza. Pamoja naye waliwekwa mhandisi, James Newlands, na mkaguzi wa uchafu, Thomas Fresh. Watu watatu, kila mmoja na kazi yake: mmoja ahesabu vifo na maradhi, mmoja ajenge mitaro, mmoja apite mitaani. Kazi iliwakuta mara moja, kwani mwaka 1847 peke yake Waairishi karibu 300,000 waliokimbia njaa walipitia bandari ile.

Mwaka uliofuata ikatoka Sheria ya Afya ya Jamii ya nchi nzima. Ikaunda Bodi Kuu London na kuruhusu bodi za afya za miji. Mji ambao vifo vyake vilizidi 23 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka ungeweza kulazimishwa kuwa na bodi. Lakini wajumbe walichaguliwa na wenye mali na walipa kodi ya majumba, na mwenye mali nyingi alipewa kura zaidi ya moja. Waliolala kwenye vyumba vya chini ya ardhi hawakuhesabiwa, na kumwajiri daktari wa afya lilikuwa jambo la hiari. Haishangazi kwamba mabishano mengi kwenye bodi hizo yalikuwa juu ya kodi kupanda. Bodi Kuu yenyewe ilivunjwa mwaka 1858.

Hata hivyo mlango ulishafunguka. Mwaka 1899 mji wa St Helens, jirani na Liverpool, ulianzisha kituo cha maziwa salama ya watoto wachanga, yakiuzwa kwa bei nafuu kwa msaada wa fedha za mji. Liverpool ikafuata mwaka 1901.

Na Waislamu walikuwepo pale. Wakili Abdullah Quilliam, mzaliwa wa Liverpool aliyesilimu mwaka 1887, alianzisha jumuiya na msikiti, na miongoni mwa waliosilimu mwanzo ni Bi Fatima Cates, aliyekuwa mtunza fedha wa jumuiya hiyo. Katika miaka ya 1890 jumuiya ilifungua nyumba ya malezi iliyoitwa Medina, kwa ajili ya watoto ambao mama zao hawakuweza kuwalea kwa dhiki na aibu ya jamii. Waislamu wachache, katika mji uliowatupia mawe na matusi, wakaona kuwa mtoto hana dhambi ya mtu.

Shilingi 5 kwa mama

Kutoka familia ile ile ya Rathbone akaja Eleanor, mjukuu wa yule aliyemsaidia Kitty. Mwaka 1909 alikuwa mwanamke wa mwanzo kuchaguliwa baraza la mji wa Liverpool. Vita vya Kwanza vilipoanza alisimamia mjini posho za wake wa askari. Fedha ile ililipwa kwa mke mwenyewe, na iliongezeka kwa idadi ya watoto. Eleanor aliona nyumba ambazo baba hayupo, lakini watoto wanakula vizuri zaidi kuliko zamani.

Akalishikilia jambo hilo tangu hapo. Aliandika kitabu mwaka 1924, akaingia Bungeni mwaka 1929, akadai posho ya mtoto itolewe na serikali. Mwaka 1945 serikali ilikubali, lakini mswada ukaandikwa kuwa fedha ni ya baba. Eleanor alipinga kwa nguvu zote, wabunge wakaachiwa wapige kura kwa hiari yao, na ikapita kuwa alipwe mama: shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto baada ya wa kwanza. Malipo yalianza Agosti 1946. Yeye alifariki Januari ya mwaka huo, hakuiona siku hiyo.

Vituo vya kulea watoto havikuwa na bahati hiyo. Wakati wa Vita vya Pili wanawake walitakiwa viwandani, kwa hiyo serikali kuu ililipa na mabaraza ya miji yakafungua vituo zaidi ya 1,500 kufikia mwaka 1944. Vita vilipokwisha ruzuku ikapunguzwa nusu, mabaraza yakaambiwa yajaze wenyewe, na vituo vingi vikafungwa. Posho ilikuwa na sheria na jina la mama ndani yake. Vituo vilikuwa na ruzuku ya muda tu, ikaondoka na dharura iliyoileta.

Kwetu sisi

Kisiwani petu mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini umefika Unguja na Pemba, na kwa kawaida mpokeaji amekuwa mwanamke wa nyumba, na mtoto mdogo alitakiwa apelekwe kliniki. Yule mama wa Madina angelifahamu mara moja jambo hili, na angelikuwa wa mwanzo kusema sharti gani linambana.

Kwa hiyo, dada zangu, mkutano wa shehia ukiitwa, au kamati ya afya ikichaguliwa, tusiseme hayo ni ya wanaume na sisi tuna vyungu motoni. Ulizeni mambo matatu: fedha inalipwa kwa jina la nani, sharti lake linamfanya mama atende nini, na mwakani itaendelea au imeletwa na mfadhili wa muda. Mimi ni mshoni, na kila wiki naona mafundi wenzangu wazuri wanaacha kazi kwa sababu hawana pa kumweka mtoto. Hilo si la kulia chumbani, ni la kupelekwa kwa sheha na kwa diwani.

Na wewe bi harusi mtarajiwa, kabla ya nikah, pamoja na kuzungumza mahari na ukumbi, muulize mchumba wako kwa adabu: tukijaaliwa mtoto, nani atakuwa naye asubuhi, na gharama tutaipanga vipi? Nafaka ni haki yako kwa mumeo. Kuizungumza mapema hakuondoi heshima, kunaondoa ugomvi.

Allah awarehemu waliotutangulia katika kheri, awalinde watoto wetu, na atujaalie viongozi wanaosikia kilio cha usiku. Amin.

Wabillahi tawfiq.