Nuru Ipindayo: Kutoka Príncipe hadi Bahari ya Malindi

Sisi tufundishao Kiswahili huku mpakani, Busia na Tororo, mara kwa mara huambiwa na wanafunzi kwamba lugha yetu ni ya mashairi na methali tu, haina nafasi katika elimu ya nyota. Historia yalikanusha dai hilo, nayo yafaa mwalimu aijue.

Mwaka 1915 Albert Einstein alikamilisha nadharia yake kwamba kitu kizito hupinda anga iliyo kando yake, hata nuru ipitayo hapo huiacha njia yake iliyonyoka. Ushahidi ulipatikana tarehe 29 Mei, 1919, jua lilipopatwa. Arthur Eddington alikuwa katika kisiwa cha Príncipe, magharibi ya Afrika. Wenzake walikuwa Sobral, Brazili. Walizipiga picha nyota zilizo kandokando ya jua, wakaona zimesogea kidogo mno. Einstein alikuwa amekadiria sekunde 1.75 za pembe, yaani pungufu ya sehemu moja ya digrii iliyogawanywa mara 2,000.

Ikiwa jua lapinda nuru kiasi hicho, shimo jeusi je? Mvutano wake ni mkubwa hata nuru iliyomo haitoki. Nuru ipitayo mbali hupinda kidogo. Ikaribiapo huweza kulizunguka. Ivukapo mpaka wake hairudi tena. Tuutazame Mwamba wa Tororo: asimamaye nyuma yake haonekani na aliye mbele. Lau mahali pake pangalikuwa na shimo jeusi, nuru ya nyota iliyo nyuma ingalipinda huku na huku, nasi tungaliiona nyota moja kama mbili, au kama pete.

Sasa tugeukie pwani yetu. Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani, na vipimo vyake viliwasaidia wataalamu kutambua kwamba katika Cygnus X-1 yamkini mna shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Na tarehe 10 Aprili, 2019, ulimwengu ulionyeshwa picha ya shimo jeusi la M87, lenye uzito wa majua bilioni 6.5: giza katikati, limezungukwa na pete ya nuru iliyopindwa.

Basi neno la Kiswahili limo katika historia ya mashimo meusi. Hata hivyo, tusijisifu upesi. Jina lilikuwa letu, bali maelezo yaliandikwa kwa lugha za wengine. Mwanafunzi aulizapo jinsi nuru inavyopinda, tumjibu kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, mpaka aelewe. Tukishindwa, upungufu si wa lugha; ni wetu.